Chemchemi Chini ya Tuta

Ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za ufukweni Katonga, mama mmoja mkamua mawese alihamia nyuma ya vilima, chini ya bwawa la zamani lililozuiwa kwa tuta la udongo. Nilimkuta huko nilipofika kutafuta kibarua. Shule niliiacha darasa la tano, ila kuuliza sikuacha.

Nilipewa kazi ya kufyeka tuta. Wazee walipanda michikichi juu yake wakiamini mizizi itashika udongo. Mingine ilikwishakatwa siku nyingi, visiki vikaoza. Chini ya tuta palikuwa na chemchemi ya maji baridi, haikauki hata kiangazi. Watu waliiita baraka. Mama alichemshia chikichi zake hapo hapo, hatua chache kutoka mlangoni kwake.

Asubuhi moja, baada ya mvua za siku hizi zinazomwaga maji ya mwezi mzima kwa siku moja, nilimkuta ameinamia chemchemi, hafanyi kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone, wewe mwenye maswali."

Makapi mekundu ya chikichi yalikuwa yanatoka ardhini, moja moja, kama vile ardhi inayatema.

"Si umeyatupa wewe?"

"Ya kwangu nayatupa kule juu, bwawani." Akacheka kidogo.

Nilipanda tuta. Upande wa bwawa, karibu na kisiki, maji yalikuwa yanazunguka taratibu bila upepo. Jani likapita, likazunguka, likazama. Niliweka sikio kwenye kisiki. Ndani kulikuwa na sauti ya mtu anayekunywa, asiyepumzika.

Niliposhuka mbio, maji ya chemchemi yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mama, toa vitu vyako!"

"Wewe usiye na hata mkeka ndiye wa kunifundisha kuhama?"

Alichota maji kiganjani, akayaacha yachuruzike. Kiganjani kukabaki udongo mwekundu. Aliutazama, akautazama ukuta wa tuta juu ya paa lake, wenye udongo ule ule. Akaanza kuwaita majirani.

Wanaume walichimba mfereji pembeni mwa tuta, penye mwamba, na kufikia jioni maji ya bwawa yakawa yamepungua. Siku ya tatu chemchemi ilikauka. Fundi wa maji aliyetoka mjini alisema haikuwa chemchemi hata siku moja: ni maji ya bwawa yaliyokuwa yakipita kwenye mashimo ya mizizi iliyooza, miaka yote hiyo, na siku yalipoanza kubeba udongo ndipo tuta lilipoanza kuliwa kwa ndani.

"Lakini sasa tumepona?" mama akamuuliza.

Fundi alisimamisha nondo ndefu juu ya tuta, akaiachia. Ilizama yenyewe, polepole, mpaka ikapotea yote.

Mama aliingia ndani, akatoka na nyundo, akaanza kung'oa mabati ya nyumba yake.