Samaki wa Mwezi wa Tano

Gunvor Ståhlbrand alifanya kazi miaka thelathini na moja katika maabara ya vinasaba mjini Umeå. Hakuwa daktari wala profesa, alikuwa fundi tu: anakata kipande cha pezi, anakiloweka kwenye dawa, anakipitisha kwenye mashine, anaandika namba. Nilikaa naye meza moja miaka sita, na sikumsikia hata siku moja akipandisha sauti.

Alizaliwa kando ya ziwa Hålsjön, ambako kaka yake, Evert, bado alikuwa akivua. Mle ziwani mna samaki wadogo weupe wa aina mbili. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, ila hawa hutaga mayai mwezi wa kumi, na wale mwezi wa tano, barafu ikishayeyuka. Kijijini walisema wale wa mwezi wa tano walitokea baada ya babu mzaa babu wa Gunvor na Evert kuuziba mto ili ajenge kinu cha maji cha kusagia nafaka. Maji yakajaa, samaki wakapotewa na majira.

Mkuu wetu, Henning Prytz, kijana wa kutoka Lund, alitaka kujua aina hizo mbili zilitengana lini. Kila kizazi kinaponakili vinasaba vya wazazi, makosa machache hupenya. Jamii moja ikishagawanyika, kila upande hujikusanyia makosa yake. Hesabu tofauti, jua makosa huingia kwa kasi gani, utapata miaka.

Evert alileta samaki mwenyewe, masanduku mawili ya barafu.

"Haya, profesa," alimwambia dada yake. "Wenye utepe mwekundu ni wa mwezi wa tano. Msije mkawakaanga kabla ya kuwahesabu."

Baada ya miezi mitatu Henning aliingia na karatasi mkononi, uso umemng'aa. "Miaka elfu arobaini!"

Gunvor aliweka kikombe chini. "Ziwa lenyewe halijafika hata elfu kumi na moja. Lilikuwa chini ya barafu."

"Labda walitengana kwingine, ndipo wakaja."

"Mbona huko kwingine hawapo? Hiyo kasi ya makosa umeitoa wapi?"

"Kwa samoni."

"Samoni anazaa akiwa na miaka mingapi?"

"Sita hivi."

"Hawa wetu wanazaa wakiwa na miwili. Wananakili mara tatu, yeye mara moja. Umewapimia kwa saa ya mwenzao, Henning."

Henning akavuta kiti. Walirudia hesabu majira yote ya baridi, safari hii kwa kasi ya samaki wa jamii ya hao wa ziwani. Jibu likawa miaka elfu kumi na mbili, ikipungua au kuzidi elfu tatu. Likapatana na barafu.

Ripoti ilipotoka, serikali ya mkoa iliona kwamba samaki wa mwezi wa tano hawapatikani popote pengine, ikapiga marufuku nyavu msimu wao. Evert akapiga simu.

"Umeninyang'anya mwezi wa tano."

"Mimi nimehesabu tu, kaka."

"Na babu je? Mwongo?"

"Babu alijenga kinu. Samaki aliwakuta."

Akakata simu. Gunvor alipostaafu tulimkatia keki, na Evert hakuja. Gunvor alikula kipande chake, akaosha sahani, akaniachia kalamu zake za kuandikia namba.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, aliendesha gari hadi Hålsjön bila kumpigia mtu simu. Evert alikuwa peke yake gatini, mgongo umemkaza, wavu mzito. Alimtazama dada yake, akamrushia glavu za mpira.

"Vaa. Maji yanauma."

Walivuta nyavu hadi adhuhuri. Jioni walikula samaki kwa viazi na siagi, wakabishana kuhusu paa la banda. Gunvor amehamia huko sasa. Mwezi wa tano ukifika, Evert huenda msituni kupasua kuni, na mambo ya ziwa hawayagusi.