Mfuko wa Wanga Juu ya Moto wa Ta Kaijage

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, niliingia jikoni na nyusi mbili nikatoka bila hata moja. Usicheke kwanza. Kaa hapo kwenye deski lako la kidato cha kwanza umsikilize mzee wako. Najua unasema moyoni, "Mzee gani huyu, hata ndevu hana?" Mimi niko kidato cha nne. Nimekula maharage ya shule hii miaka minne na bado natembea. Mtu wa namna hiyo ni mzee, na ana haki ya kutoa nasaha.

Wakati ule nilikuwa kidato cha pili, umri ambao mtu anajua kila kitu. Tuliambiwa shule ijitegemee, basi kila kidato kikapewa mradi. Wengine walilima, wengine walifuga nguruwe, sisi tukapewa kujalidi vitabu. Vitabu vyetu vilikuwa vimechoka, kurasa zinaning'inia kama majani makavu ya mgomba, na mtihani ulikuwa mlangoni.

Gundi tulitengeneza kwa wanga. Si ule wanga wa muhogo anaokamua bibi yako. Huu ulitoka kiwandani, mfuko mzima wa karatasi nzito, unga mweupe na laini kuliko poda ya mtoto. Huko kiwandani walikwisha kuupitisha kwenye dawa hata ukakubali kuyeyuka kwenye maji baridi. Unatia vikombe viwili kwenye ndoo, unakoroga, gundi tayari. Ukipiga chafya karibu yake, unapotea kwenye ukungu.

Mkuu wa shule alinikabidhi mimi mfuko huo kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza.

"Mutalemwa," aliniambia, "mfuko ni huu mmoja. Ukae pakavu."

"Ndiyo, Ndugu Mkuu."

Yeye alisema hilo moja tu. Mengine yote yalikuwa yameandikwa kwenye mfuko wenyewe, tena kwa Kiingereza kile kile nilichokuwa nikijigamba nacho. Nikausimamisha stoo, maandishi yakitazama ukuta. Mwanangu, elimu haina faida ukiipa mgongo.

Mvua ya Bukoba unaijua, haipigi hodi. Wiki ya pili bati la stoo likaanza kuvuja, na wanga wa juu ukashikana ukawa donge la kumpigia mbwa. Nikamwita rafiki yangu Projestus tukaliangalia lile donge kama watu walio msibani.

"Tumekwisha," akasema Projestus.

"Hatujaisha. Bibi yangu kule Kanazi mbegu zake anaziweka wapi?"

"Juu ya moto."

"Karanga?"

"Juu ya moto."

"Zimewahi kuoza?"

Projestus akanitazama kama aliyemwona nabii. Nawe kwenu umekiona hicho kichanja cha miti juu ya mafiga, cheusi kwa masizi, pamekaa maharage ya mbegu, karanga, hata senene waliokaushwa. Moshi unafukuza unyevu, unafukuza na wadudu. Babu zetu walikuwa wataalamu kabla ya mtaalamu yeyote kuletwa na Land Rover. Nikajiona ninaendeleza hekima ya taifa. Tukaubeba mfuko mpaka jikoni kwa Ta Kaijage.

Ta Kaijage, hilo "Ta" tukimwita kwa heshima ya uzee wake, ndiye aliyekuwa mpishi wetu. Alikuwa na ndevu ndefu nyeupe alizozichana kila Jumapili kabla ya misa. Alikuwa mjane, na kwa kazi ile ya kupika alilea wajukuu wanne pale Ijuganyondo. Akatuona tunapanda kichanjani.

"Nyinyi! Mnapandisha nini huko?"

"Unga wa gundi, Ta. Unaota moto kidogo."

"Unaota moto? Una homa?"

"Una baridi yabisi, Ta."

Mzee akacheka mpaka akashika mwiko kwa mikono miwili. "Siku tatu tu," akasema. "Zikizidi nautia kwenye uji wenu."

Siku ya tatu, kabla ya kengele, nilipanda kuchota vikombe viwili. Mdomo wa mfuko ulikuwa wazi, maana kuufunga ni kazi, na mimi kazi nilikuwa nikiipenda ikifanywa na wengine. Chini, Ta Kaijage alikuwa anakoroga uji, moto unawaka vizuri. Wanga ulikuwa umeganda kidogo pembeni. Nikaupiga mfuko kofi moja, la kirafiki, kama unavyompiga ng'ombe mgongoni.

Wingu jeupe likatoka. Likashuka taratibu, zuri kweli, kama ukungu wa ziwani. Likagusa moto.

*Wuuu!*

Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Hewa yenyewe iliwaka. Mara moja tu, kama jitu limefumbua jicho jekundu na kulifumba. Nilipofumbua macho yangu nilikuwa chini sakafuni, nyasi za paa zinawaka kwa juu, na Ta Kaijage amesimama na mwiko, nusu ya ndevu zake haipo.

"Mawe!" akasema, taratibu sana, akimwita mama kwa Kihaya. Ndipo akapiga kelele: "Maji!"

Wanafunzi wakaja na ndoo, wakapanda, wakalizima paa. Sufuria la uji likaokoka, jambo lililowasikitisha wengi. Lakini wanga uliomwagika sakafuni ulikuwa umekutana na maji. Unajua wanga ukilowa unakuwaje? Unakuwa kamasi. Wa kwanza kuteleza alikuwa Projestus. Wa pili alikuwa Mkuu wa shule. Aliingia kwa hatua ndefu za uongozi, akamaliza safari kwa makalio. Hakuna aliyecheka. Yaani hakuna aliyecheka kwa sauti.

Mchana Mkuu akatupanga mstarini. Mimi nilikwisha kujichora nyusi mpya kwa mkaa, na Projestus aliniapia kwamba zimenipendeza kuliko zile za Mungu.

"Nani aliweka mfuko ule jikoni?" Mkuu akauliza.

Ta Kaijage akasogea mbele. "Jiko ni langu, Mkuu. Niliuona, nikauacha."

"Umri wako wote unapika, hujui kilicho hatari karibu na moto? Basi kesho usije. Jiko nitampa mwingine."

Mzee akavua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakugeuka kunitazama. Angenitazama kwa hasira ningepumua. Niliwafikiria wale wajukuu wanne, nikawaza na mimi: nikisema, nafukuzwa shule, narudi Kanazi kupalilia mibuni hadi kiama. Ulimi ukawa mzito kama lile donge la stoo.

Hapo mvua ikaanza, manyunyu tu. Nikasikia kitu kinatiririka kwenye mashavu. Nyusi zangu zilikuwa safarini kuelekea kidevuni. Mstari mzima ukaanza kukohoa kwa kujizuia. Sitakudanganya kwamba ni dhamiri peke yake iliyonisukuma. Ila ningeweza kuinama nikapangusa uso, na sikuinama. Nilinyoosha mkono.

"Ni mimi, Ndugu Mkuu. Nilidhani nauhifadhi. Ta Kaijage hakujua ni kitu gani, nami sikujua."

Mkuu akaelekeza kidole jikoni. "Mfuko uliandikwa," akasema. "Lete karatasi yake usome hapa."

Nikaleta kile kipande kilichobaki, nikakisoma mbele ya shule nzima, nimelowa, uso kama pundamilia: weka pakavu, funga vizuri, epuka kutimua vumbi, weka mbali na moto. Sijawahi kusoma Kiingereza kizuri namna ile, wala kilichonichoma namna ile.

Ta Kaijage alibaki kazini. Mimi nilipewa kumkatia kuni muhula mzima na kuezeka lile paa, na vitabu tulivibandika kwa uji mzito wa muhogo, vikaliwa na mende. Jioni ya kwanza ya kuni, mzee akaniita nikae kwenye kigoda.

"Bibi yako hakukosea," akaniambia. "Yeye anayajua maharage. Miaka yote amekaa nayo, anajua yanaogopa nini. Wewe umechukua ujuzi wake wa maharage ukaupa kitu kingine, wala hukukiuliza kinaogopa nini. Mtoto mwerevu huyo! Shika shoka."

Ndiyo nasaha yenyewe, mwanangu, maana mwaka huu mradi umekuja kwako na mfuko mpya umefika. Usisafirie nyota ya mwenzio. Unga wowote laini ukipaa hewani ni kuni zilizokwisha kupasuliwa, unangoja kibiriti tu, kwa hiyo usikae karibu na mafiga, kibatari wala sigara ya mwalimu yeyote. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta unaovuja na mbali kabisa na unga wa ugali, na kila ukichota ufunge mdomo wake, hata kama kengele imelia. Chota polepole, kitambaa puani, maana mapafu hayahitaji kujalidiwa. Ukimwagika, ufagie taratibu ungali mkavu. Maji baadaye. Na kabla ya yote hayo geuza mfuko usome. Usichokielewa uliza, hata kama wewe ndiye wa kwanza darasani. Hasa kama wewe ndiye wa kwanza darasani.

Na siku ukikosea, kwa sababu utakosea, usimwache mtu mzima akunje kofia kwa ajili yako.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akukuze, akupe macho ya kusoma mapema na mdomo wa kusema "ni mimi" kabla hujaulizwa mara ya pili. Uwe na omugisha, baraka ile ya kwetu, wewe na wote watakaokula chungu kimoja nawe.