Nukta Isiyosogea: Macho ya Dukicha Angani

Jua limechomoza tu kwenye uwanja wa ndege wa Garsen, na watu wawili wanagombana kando ya ndege ndogo ya kunyunyizia nzige dawa.

"Leo wewe nalala tena, mimi naacha wewe hapa!" anafoka rubani, Mzungu anayejulikana hapa kama Bwana Tedi.

"Sikulala, bwana! Niliangalia!" anajibu Dukicha Guracha, mfugaji wa Kiorma aliyeajiriwa kukaa nyuma ya rubani na kutazama anga. Nzige wakiteremka Tana, ndege mbili hufanya kazi pamoja, na marubani wote wawili wanatazama chini.

Jana nusura zigongane. Dukicha aliiona ile ya pili, nukta nyeusi kwenye kioo. Akaiacha.

"Malishoni, kitu kinachotembea ndicho adui," anaeleza, bado amekasirika. "Fisi anatembea. Kilichosimama ni kichaka. Ile nukta ilisimama pale pale. Nikasema, kichaka!"

"Kichaka juu ya mawingu?" anauliza mkewe, Darmi, aliyemletea maziwa. "Baba Sadia, hata mbuzi angejua! Rudi kwa ng'ombe."

"Watakula nini? Majani yamekwisha. Kibarua hiki ndicho kinachotulisha."

Angani, ndege inayohama kwenye kioo inakwenda zake. Inayoganda mahali pamoja huku ikinenepa ndiyo inayokujia. Rubani amemwagiza agawe anga vipande, atulize macho kwenye kila kipande kabla ya kuhamia kingine, wala asiyazungushe tu.

Wanaruka. Darmi anasubiri chini, hataki hata kutazama juu.

Wanarudi wakigombana vilevile. Dukicha aliona nukta iliyoganda, akampiga rubani begani; ndege ikapinda ghafla, dawa ikamwagika ovyo. Kumbe tai.

"Nikinyamaza, matusi. Nikisema, matusi!" analalamika Dukicha.

"Tai pia navunja ndege," ananung'unika rubani, akijipangusa dawa shingoni. "Kesho kuja mapema."

Kibarua kimebaki. Hata hivyo Dukicha hajaridhika. Anataka shemeji yake, Gollo, akae kwenye ile ndege ya pili.

"Mimi namwona yule rubani wa pili. Yeye ananiona? Macho ya upande mmoja hayatoshi."

"Gollo?" Darmi anacheka kwa mara ya kwanza leo. "Kaka yangu yule anayefumba macho akivuka mto kwa mtumbwi?"

"Basi nitaanza kwa kumfundisha kuyafumbua."