Mkono Niliompa Mganga

Nianze na choo, maana huko ndiko mambo yalikoanzia, na anayeona kinyaa aishie hapa. Asubuhi moja ya kipupwe nilichuchumaa chooni, hapa nyumbani kwa mwanangu Nachingwea, nikanyoosha mkono wa kushoto kuchukua kopo la maji. Vidole vikakataa kushika. Nikajaribu wa kulia, nao ukakataa. Kopo likaanguka, maji yakamwagika yote, nikabaki pale magoti yakiniuma, siwezi kujisafisha wala kuinuka. Nilivumilia weee, mwisho nikamwita mke wa mwanangu.

Mke wa mwana ni mtu wa kusitiriana naye. Huyu wangu alikuwa akipiga goti kila anaponiamkia, na mimi sikuwahi kukaa mbele yake bila kitambaa kichwani. Siku ile alinichamba kama mtoto mchanga. Akanawa, akaenda kuchochea moto wa chai. Mimi niliingia chumbani nikalia, na nililia kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Nikaapa kwamba nitameza chochote na kupakwa chochote, ilimradi nijichambe mwenyewe.

Na kweli, nikameza chochote. Ukiwa na baridi yabisi, mji mzima unageuka kuwa tabibu. Jirani mmoja aliniletea mafuta kwenye chupa ya soda, akasema ni ya chatu. Chatu gani sijui, maana yalinuka kama dagaa walionyeshewa mvua, na nzi walinifuata mpaka msikitini. Mwingine akaleta mizizi ya kuchemsha, michungu, maji yake meusi yenye ute unaonata kooni, nikawa nakunywa huku nimeziba pua. Kwenye gulio kulikuwa na bwana mmoja na spika yake juu ya gari. Sauti iliyorekodiwa ilitaja ugonjwa wangu katikati ya bawasiri na kukosa wateja wa biashara, nami nikanunua. Hata leo nikikumbuka kwamba nilisimama kwenye foleni ile, najichukia.

Mwanangu alikuwa mtu wa dawa za kizungu. Akanipeleka kwa mwenye duka la dawa mjini, kijana anayevaa koti jeupe ingawa hajawahi kulala zamu hospitalini hata siku moja. Aliniminya vidole kama anayechagua nyanya, akasema:

"Mama, hivi ni vidudu. Vimejificha kwenye maungio. Hapa ni antibiotiki tu."

Hakunipima damu wala hakuuliza nina miaka mingapi. Akanipa kapsuli za rangi mbili ndani ya kijikaratasi. Nilizimeza. Tumbo likawa linachafuka kutwa, ulimi ukaota utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na kila nikicheua narudishiwa harufu ya plastiki. Halafu vidole vikalegea kidogo, hata nikaweza kushika kijiti cha mswaki. Nilishangilia! Nikampikia kijana yule kuku. Kuku hajaisha mifupa, vidole vikarudi kuvimba vilevile, vyekundu na vya moto. Kijana akasema vidudu vimezoea dawa, akatoa kapsuli nyingine, kubwa zaidi. Kuku wangu wa watu alikwenda bure.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na anayelima korosho na ufuta kule Mbekenyera, alinipigia simu. Hakuanza hata na salamu.

"Mdogo wangu, achana na hayo mambo ya dukani. Yanakuozesha matumbo. Mti haujaua mtu."

"Haujaua mtu? Na waliokuwa wakifa kwa mshale wenye sumu walikufa kwa nini?"

"Mdomo tu ndio mzima. Njoo, huku kuna mtu."

Nilikaa siku hiyo nikipima. Upande mmoja mizizi yenye ute na mafuta ya dagaa, upande wa pili kapsuli na ulimi mweupe. Pande zote mbili zilinitia kichefuchefu, na hakuna upande ulionipa vidole vyangu. Lakini asubuhi mkamwana alikuwa ameninawisha tena. Nikapanda Hiace mpaka Ruangwa, na toka hapo bodaboda mpaka kwa dada.

Mganga hakuwa mzee wa tunguri. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, simu inaita kila saa, na uani kwake kuna beseni la plastiki lenye maji ya rangi ya chai ambamo kila mgonjwa alitumbukizwa miguu. Maji hayakubadilishwa. Nilimwona mwanamke mwenye kidonda anatoa mguu wake, na bibi mwingine anaingiza wa kwake. Nilimtazama dada, dada akatazama kuku.

Ilipofika zamu yangu akatoa kikopo, akakifungua, na mimi nikaijua ile harufu kabla sijaona kilichomo. Nimebangua korosho tangu sijavunja ungo. Korosho ukiikaanga na kuipasua, ganda lake hutoa mafuta meusi, na mafuta hayo yakikugusa ngozi inaungua, inababuka, inaacha alama. Ndiyo maana tunajipaka majivu mikononi kabla ya kukaa kwenye jiwe la kubangulia, na mtoto akisogea tunamfukuza kwa kelele. Hakuna mwanamke wa huku asiyejua hilo.

"Si mafuta ya maganda ya korosho haya?" nikauliza.

"Ya kwako wewe ya kubangulia hayajasomewa, mama. Haya yamesomewa. Wewe una baridi kwenye mifupa. Itatolewa na nini kama si moto?"

Dada akadakia, "Dawa ya moto ni moto."

"Basi mimi sina moto, nina baridi," nikasema, lakini hakuna aliyecheka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kunja mikono ya gauni. Mfa maji haachi kutapatapa.

Mganga alitaka mikono yote miwili. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nikawaza: mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, wa kupeana na watu, wa kushika tasbihi. Wa kushoto kazi yake ni ile moja, chafu. Ukiharibika, hasara yake ndogo. Nikauficha wa kulia chini ya khanga, nikampa wa kushoto. Dada akatikisa kichwa kunikubalia, akasema nina akili. Tangu utoto tumefundishwa hivyo, kwamba huo ni mkono wa pili, mkono wa kuonewa haya.

Aliupaka mpaka kwenye kiwiko, akaufunga kwa jani la mgomba na kitambaa kilichowahi kuwa cha mtu mwingine, akaniambia nisifungue mpaka atakapopiga simu. Kabla sijafika Ruangwa nilikuwa nauma khanga kwa meno. Nilifika Nachingwea, nikalala, nikaamka, siku zikapita, na simu haikuita. Kilichoita ni harufu. Nilidhani panya amefia chini ya kitanda.

Mkamwana ndiye aliyefungua. Jani lilitoka na ngozi. Chini yake palikuwa pabichi, pana maji ya njano, na vidole vimegandana. Alitoka nje, nikamsikia anatapika karibu na mpapai. Kisha akarudi, macho yamejaa machozi, akasema, "Mama, tunaenda hospitali, na usinibishie." Sikumbishia.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu. Aliniuliza yote, nikamwambia yote, hata beseni. Akaandika antibiotiki, nami nikamwambia nimeshazila mpaka ulimi ukageuka chokaa.

"Hizi ni za kidonda, mama," akasema. "Kidonda kimeoza, kina vidudu kweli. Viungo vyako havina vidudu. Mwili wenyewe ndio unaojishambulia."

Nikamuuliza kama basi kapsuli za kijana yule zilikuwa uongo mtupu. Akafikiri kwanza, na kwa hilo nikampenda. Akasema iko aina ya antibiotiki iliyowahi kujaribiwa kwa ugonjwa huu, na baadhi ya watu walipata nafuu kidogo. Lakini si zile za rangi mbili, na ugonjwa wenyewe una kawaida ya kupanda na kushuka, unaweza kulegea bila sababu mtu akasifu alichomeza jana. Siku hizi ipo dawa bora kuliko hiyo. Akaniandikia kidonge cha kumeza mara moja tu kwa wiki, na damu ipimwe mara kwa mara.

Dada nilimpigia nimlaumu. Akasema nilifungua mapema. Mwenye duka naye alipoona bandeji akasema laiti ningemfuata angenichoma sindano. Nilitema mate mbele ya duka lake, mchana, watu wanaona, na sijutii.

Dawa ya daktari haikukimbia, ilitambaa. Lakini kipupwe kilichofuata mkono wa kulia ulikunjika na kukunjuka. Wa kushoto uvimbe uliisha, ila kovu lilikwisha vivuta vidole mpaka kiganjani, na vimeganda hapo kama vya kuku aliyechinjwa. Mkono ule hautashika kopo tena.

Siku hizi kwenye hitima wanawake tunapokaa kwenye sinia moja la pilau, mimi nakula kwa kijiko. Wananitania kwamba nimekuwa mzungu, nile kwa mkono, kwani wao wana ukoma? Nacheka nao. Anayejua ni mkamwana peke yake. Yeye ndiye anayekibeba kijiko changu ndani ya mkoba wake, na kunipa kabla sijaomba.

Nilichoapia nimekipata. Najichamba mwenyewe, kwa mkono wa kulia.