Mtoto Niliyemwandika Mzima

Kazi yangu pale hospitalini Karatu ilikuwa kupima pumzi za watoto wasio na ugonjwa. Daktari aliyetuajiri alitaka kujua mapafu ya mtoto mzima wa huku kwetu milimani yanafanyaje kazi. Mtoto akishalala, namvika maski ndogo puani na mdomoni, mashine inachora pumzi zake kwenye skrini. Mwenye mafua au kikohozi hapimwi. Anapelekwa kwa tabibu, chumba cha pili.

Siku hiyo alifika mama mmoja kutoka Baray na mwanawe wa miezi minane. Mtoto aligoma kulala mpaka saa nane mchana, mama akizunguka naye mgongoni na kumbembeleza kwa Kiiraqw. Alipolala hatimaye tukamlaza taratibu. Kabla sijamvika maski, akakohoa mara mbili.

"Kimeanza lini hiki kikohozi?"

"Juzi, sista. Nadhani ni vumbi, kule kwetu upepo umezidi."

Nilijua la kufanya. Lakini tangu asubuhi watoto wawili walikuwa wameamka katikati ya kipimo, na sikuwa na hata mmoja wa kumwonyesha daktari. Nikaandika: hana kikohozi. Nikampima.

"Mapafu yake yakoje?" mama aliuliza akimfunga mgongoni.

"Mazuri, mama. Mtoto mzima kabisa."

Mashine ile haikuwekwa pale kutafuta ugonjwa, nami nilijua hivyo. Nilitaka tu aondoke ameridhika.

Siku ya nne nilipita wodi ya watoto nikawakuta. Mtoto alikuwa na mpira wa oksijeni puani, mbavu zikibonyea kila alipovuta hewa. Nimonia. Mama akanisalimia vizuri, akanisogezea nafasi kitandani.

"Bibi yake alitaka tumlete tangu juzi," alisema. "Nikamwambia amepimwa na mashine, ni mzima."

Sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

"Mama, siku ile nilimsikia akikohoa. Nilitakiwa kuwapeleka kwa tabibu. Sikuwapeleka, na kisha nikakudanganya."

Akamfuta mtoto jasho la shingoni, polepole, kama vile sipo.

"Ungeniambia tu," alisema. "Mimi ningesubiri hata kwa huyo tabibu."

Daktari nilimweleza siku ileile. Akafuta kipimo, akaniondoa kwenye mashine mwezi mzima, nikawa naandikisha akina mama mlangoni. Hilo halikuniuma sana.

Mtoto alipona. Siku waliporuhusiwa, baba yake alikuja kuwachukua. Akanikuta pale mlangoni na sare yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante sana, nesi, kwa kumwangalia mtoto wetu."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto begani. Alinitazama tu, akingoja nijibu.

"Karibu, baba," nikasema.