Siku Mama Minji Alipoinua Kichwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka chai hunipolea mkononi. Nitakusimulia, lakini kwanza nikugombeze kidogo, maana ukiona shosho, bibi kama mimi, hagombi, ujue ni mgonjwa. Juzi nilikusikia redioni. Tangazo lako la mbegu za viazi lilikuwa tamu, nikapiga makofi peke yangu jikoni. Kisha mtangazaji akakuuliza ni nani aliyekufundisha kazi hii ya sauti, nawe ukacheka ukasema, "Nimejifunza tu mwenyewe, kwa simu." Haya! Kwani ni simu iliyokubeba mgongoni? Kaa hapo, mandazi yako sahanini, unisikilize.

Nilipokuwa rika lako nilikuwa mtangazaji wa barabarani hapa Nakuru. Tulikuwa na pikapu yenye spika kubwa, mimi nimesimama nyuma nimeshika maiki, nikipigia kelele magodoro na sufuria kutoka Bondeni hadi Kaptembwo. Nilijiona nyota. Watoto walitukimbilia, vijana waliniita kwa jina, nami nikazidi kupasua koo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani alikuwa na masikio ya wahenga karibu na spika zile?

Basi gari likazima mtaa wa Free Area, mbele ya nyumba moja yenye lango la bluu. Dereva akafungua boneti, mimi nikaendelea kupayuka. Akatoka mama mrefu, sweta ya kijivu, mikono kiunoni.

"Wewe msichana, unauzia nani?"

"Watu wote, mathe."

"Hakuna mtu anaitwa watu wote. Shuka hapo."

Sijui kwa nini nilishuka. Labda ni ile sauti yake. Haikuwa kubwa, lakini ilinifikia mimi tu, kana kwamba barabara yote ilikuwa imenyamaza. Huyo ndiye Mwalimu Tabitha. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya redio, na chumba kimoja cha nyumba ile kilikuwa studio yake, magodoro yamesimamishwa kutani ili sauti isirukeruke. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Hakunidai chochote ila kufika mapema na kufunga mdomo akiongea.

Sasa sikia alivyofundisha, maana hili hutalipata kwa simu yako. Alikuwa na rafiki yake, muuza minji, yaani njegere mbichi, wa Bondeni, mama mnene mcheshi, tukimwita Mama Minji. Kabla ya kurekodi, Mama Minji alikuja na gunia lake, akaketi mbele yetu, akamenya minji ndani ya beseni lililotandikwa kitambaa. Wewe unasoma, yeye anamenya. Sheria ilikuwa hiyo tu. Akiendelea kumenya, hujasoma. Akisimamisha vidole akainua kichwa, Mwalimu alisema neno moja, "Imeingia," na hapo ndipo maiki iliwashwa.

Weh! Nilimchukia yule mama. Nililia kwa tangazo la sabuni, nikacheka kwa tangazo la majani chai, na yeye minji tu, tu, tu, na mara nyingine anapiga miayo.

Siku ninayokuambia, alikuja bwana mmoja ametumwa na serikali kutoka Nairobi. Ugonjwa wa midomo na miguu ulikuwa umeingia kwa ng'ombe huko Molo, Elburgon na Njoro, na wafugaji walitakiwa kuambiwa wapeleke mifugo yao kwa chanjo. Tangazo lilitakiwa hewani jioni hiyohiyo. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha maiki, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mkwaruzo. Akanywa maji ya uvuguvugu, akajaribu tena. Mkwaruzo uleule. Basi akasimama, akanishika bega, akaniketisha pale alipokuwa ameketi yeye.

Yule bwana akaruka. "Mama, sisi tulitaka wewe. Huyu hatumjui."

"Mkimchukua huyu mmenichukua mimi," Mwalimu akasema. "Akiharibu, msinipe kazi tena. Hata siku moja."

Nikaishika karatasi ya tangazo, mwanangu. Nikiharibu sikuwa najiharibia mimi, nilikuwa namwangusha yeye mbele ya watu waliomlisha. Nikaazima sauti ya wale watangazaji wakubwa, nzito, ya kutoka chini kabisa kooni, nikasoma. Mama Minji akamenya. Nikasoma tena, nzito zaidi. Akamenya. Yule bwana akatazama saa, akatazama mlango.

Mwalimu akainama karibu na sikio langu. Hakufoka. "Hiyo sauti ni ya nani? Irudishe kwa mwenyewe. Sasa niambie, kwenu mmewahi kuwa na ng'ombe?"

Tuliwahi. Kabla ya kuhamia Bondeni tuliishi Elburgon, na baba alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Akaugua. Nakumbuka asubuhi ile baba amechuchumaa zizini, amemshika pembe, akimbembeleza kwa upole, "Amka mama, amka." Hakuamka. Ile karo yetu ilikuwa kwenye matiti ya ng'ombe yule.

"Msomee babako," Mwalimu akasema. "Kabla ng'ombe hajalala chini."

Nikasoma. Sikuwa na sauti nzito wala nyepesi, nilikuwa na yangu tu, ya nyumbani, na lafudhi yake yote ya kwetu. Katikati ya kusoma nikasikia kimya. Mama Minji alikuwa ameshika ganda moja halijafunguliwa, ananitazama, macho yamemtoka. "Na hiyo chanjo inaletwa lini? Ndugu yangu ako na ng'ombe huko Molo, hata hajui!"

"Imeingia," Mwalimu akasema, na maiki ikawashwa. Jioni ile tangazo lilitoka. Yule bwana aliporudi na kazi nyingine, aliniulizia mimi.

Mama Minji ndiye aliyeniambia baadaye jambo ambalo Mwalimu hakutaka nilijue. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba koo lake halitapona. Kilichomleta kwenye maiki siku ile kilikuwa tamaa ya kusoma mara ya mwisho tu. Na hiyo mara ya mwisho akanipa mimi, pamoja na jina lake. Hakukaa tena kwenye kiti kile. Kila tangazo nililosoma tangu hapo, kila katuni niliyoitia sauti ya Kiswahili watoto wenu wakacheka, nilisoma nikiwa nimekalia kiti chake.

Mwaka huu, wakati wa mvua, nilikwenda kumwona huko Njoro, kwa binti yake. Huwa naenda, lakini safari hii nilitaka kumshukuru rasmi, kabla mmoja wetu hajaitwa. Nikabeba sukari, unga na shuka jipya, maana kwa mwalimu hakuendwi mikono mitupu. Nikamkuta barazani, sauti imekwisha, amebaki na mnong'ono. Alikuwa anamenya minji. Mama Minji tulishamzika, na nadhani hiyo ndiyo njia yake ya kumkumbuka.

Nikasimama, nikatoa hotuba. Weh, nilikuwa nimeiandaa! Maneno yamepangika, sauti imepigwa pasi. Yeye akamenya. Nikapandisha kidogo. Akamenya. Ndipo nikajisikia, mzee mzima na mvi zangu, ninamtangazia mwalimu wangu asante kama godoro. Nikakaa chini karibu na beseni. Nikasema tu, "Mwalimu, kile kiti kilikuwa chako. Nami ningali nimekikalia. Asante."

Vidole vikasimama. Akainua kichwa, akanitazama, machozi yakimshuka bila haraka.

"Imeingia," akanong'ona.

Ndiyo maana nimekuita, mwanangu. Sikukasirikii. Simu imekufundisha mengi, na siku hizi hata mashine husoma tangazo bila kukosea. Lakini mkono mmoja haulei mwana. Kuna mtu aliyekusikia ukiwa bado kelele tupu, akakuvumilia. Kuna aliyekuazima jina lake mahali ambapo lako halikuwa linajulikana. Mtafute. Usimtumie ujumbe wa maua na mikono iliyounganishwa, nenda na miguu yako. Ukifika usimhutubie, mwambie kitu kimoja alichokufanyia, ukitaje. Na siku nyingine ukiulizwa redioni, taja jina lake kabla ya lako. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, na kusahau wakunga nako ni tusi, ila la kimyakimya.

Haya, maliza mandazi. Mungu akulindie koo lako, akupe mtu mmoja wa kumsomea kila unapofungua mdomo. Na wewe ukizeeka, akupe kijana wa kumwachia kiti, mwenye miguu ya kurudi kukuona ungali unasikia.