Gundi ya Mchele

Kazi ya Myoren ilikuwa kuunganisha karatasi za mashairi kwa gundi ya mchele ziwe gombo moja refu, nyumbani kwa Bwana Arinaga, aliyeamriwa na Mfalme akusanye mashairi bora ya nchi yote. Mjane huyu alikuwa fundi kwelikweli. Kiungo chake, pale karatasi mbili zilipokutana, ungekipitishia kidole usikisikie.

Mwanawe wa pekee, Chikahira, alikuwa amepelekwa uhamishoni kisiwa cha Sado kwa kosa la kumtumikia mwana wa mfalme aliyekosa kiti cha enzi. Na Kyoto nzima, mji wa Mfalme, ilijua: jina la mtu wa namna hiyo likiandikwa katika mkusanyiko wa Mfalme, basi amesamehewa, anarudi nyumbani.

Siku alipokutana na shairi la mwanawe, la bata bukini wanaoruka kuelekea Kyoto na kumwacha ufukweni, nusura apige vigelegele. Kisha akatazama mahali pa jina. Pameandikwa: mtunzi hajulikani.

Hajulikani, jamani! Na aliyemzaa yuko hapo hapo, mikono imejaa gundi. Akamwendea Arinaga, akaanguka miguuni pake. Arinaga hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu.

“Mama, nikiliandika jina, namwambia Mfalme alikosea. Nyamaza, angalau shairi lipone.”

Akarudi kwenye gundi yake, roho inamchoma.

Siku ya kusomwa mashairi mbele ya Mfalme, mafundi waliketi nyuma ya pazia la mianzi. Shairi la bukini liliposomwa, Mfalme alifuta machozi, akauliza limetungwa na nani. Arinaga akasema hajulikani. Waliomjua mtunzi, na walikuwa wengi, wakaangalia sakafu. Myoren akaona machozi yale, akajidanganya kwamba ndiyo huruma yenyewe. Akatoka nyuma ya pazia.

“Ni la mwanangu Chikahira, Mtukufu. Yuko Sado. Nirudishie kabla sijafa.”

Mfalme aliamuru lisomwe linalofuata.

Asubuhi yake Arinaga alimletea gombo bila kumtazama usoni. Shairi la bukini lilikuwa limekatwa na kuchomwa. Alimwambia aunganishe pengo lisionekane, na asikatae, maana hata huko Sado mtu anaweza kuongezewa adhabu.

Myoren akakoroga gundi. Akaleta ncha mbili pamoja, akazikandamiza mpaka zikakauka, kisha akapitisha kidole juu ya kiungo, taratibu, akitafuta alipokuwa mwanawe. Hakusikia kitu.